ALIYEUMIA UBONGO SI MKAIDI, WALA SI MTOTO

Mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitali familia nyingi husema kwa furaha, "Amepona!" Nao wana haki ya kufurahi. Baba aliyeanguka na pikipiki, akalala wodini wiki tatu, nyingine bila fahamu, sasa anatembea mwenyewe. Anakula, anawaamkia majirani kwa majina yao, na kovu la kichwani limefunga. Ndugu wanachinja kuku, wanamshukuru Mungu, kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli zake.

Baada ya miezi miwili au mitatu manung'uniko huanza. Mama anasema mume wake siku hizi ni mwongo: asubuhi ameahidi kwenda kulipa ada ya mtoto, jioni anakana kwamba hawakuzungumza kabisa habari ya ada. Kaka zake wanasema hajui tena thamani ya fedha: ameuza mbuzi wawili kwa bei ya kutupa, na fedha zenyewe zimekwisha siku hiyo hiyo. Ukimwuliza ana mpango gani kwa msimu ujao wa kilimo, anakutazama tu. Hapo kila mmoja anakuwa na maelezo yake. Huyu anasema ni uvivu, yule anasema ni kiburi, na wa tatu ananong'ona kwamba mtu huyu amerogwa.

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu napenda kutoa maoni yangu juu ya jambo hili, kwa sababu naona tunawakosea wagonjwa wa namna hii mara mbili. Kwanza tunawahukumu kana kwamba ni wakaidi. Halafu, tukisha kuchoka kuwahukumu, tunawageuza watoto wadogo na kuwanyang'anya kila kitu, hata yale ambayo bado wanayaweza. Njia zote mbili si za haki, na zote zinatokana na kutojua jinsi ubongo unavyofanya kazi. Mara nyingi jeraha la ubongo halimchukui mtu mzima mzima. Huchukua kitu fulani na kuacha kingine. Kazi ya familia ni kutambua kilichochukuliwa, na kujaza pengo hilo tu.

KUSAHAU SI KUSEMA UONGO

Watu wengi hudhani kwamba kumbukumbu, akili na tabia ni kitu kimoja kilichojaa kichwani kama maji kwenye mtungi: mtungi ukitoboka, vyote vinamwagika pamoja. La, sivyo. Ubongo una sehemu mbalimbali zenye kazi mbalimbali, na wataalamu walilijua hilo kwa kiasi kikubwa kutoka kwa wagonjwa wenyewe.

Mmoja wao ni Henry Molaison wa Marekani. Mwaka 1953, alipokuwa na umri wa miaka 27, alifanyiwa upasuaji katika mji wa Hartford kwa sababu ya kifafa kikali kilichoshindikana kwa dawa. Daktari William Scoville aliondoa sehemu za ndani za ubongo wake pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya kiungo kidogo kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua sana. Lakini tangu siku ile Henry hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu za mambo mapya. Mtaalamu Brenda Milner, aliyetoka Kanada kuja kumchunguza, alikutana naye mara nyingi kwa miaka mingi, na kila mara Henry alimpokea kama mgeni. Hali hiyo iliendelea mpaka alipofariki mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 82.

Je, Henry alikuwa amepoteza akili? Hapana. Alizungumza vizuri, alikuwa mpole, na alikumbuka mambo ya utoto wake. Kuna jambo lingine la kushangaza zaidi. Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu, kazi ambayo mwanzoni humsumbua kila mtu. Mnamo siku ya tatu Henry alikuwa akiichora vizuri, ingawa hakukumbuka kabisa kwamba amewahi kuifanya. Mkono ulikuwa umejifunza bila mwenyewe kujua.

Hapa kuna mafunzo mawili kwa familia. La kwanza ni kwamba mgonjwa akikana jambo mliloongea asubuhi, huenda hasemi uongo. Kwake yeye mazungumzo yale hayapo. Kumwambia "jitahidi kukumbuka" ni sawa na kumwambia aliyekatwa mguu ajitahidi kuukanyagia. La pili ni kwamba mtu aliyepoteza kumbukumbu bado anaweza kujifunza kwa kurudia rudia. Kazi ile ile, saa ile ile, mahali pale pale, huingia mwilini taratibu.

KUJUA SI SAWA NA KUCHAGUA

Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, husaidia kupima mambo na kufanya uamuzi. Kwa bahati mbaya hiyo ndiyo sehemu ambayo huumia mara nyingi mtu anapoanguka na pikipiki au kugonga kichwa ndani ya gari.

Mwaka 1985 wataalamu wa Iowa, Marekani, walieleza habari za mtu mmoja aliyeondolewa uvimbe katika sehemu hiyo ya ubongo alipokuwa na umri wa miaka 35. Alipopimwa akili kwa maswali alifanya vizuri sana kuliko watu wengi. Lakini maisha yake yalibomoka. Aliingia biashara na mtu asiyefaa ingawa alionywa, akafilisika, na ndoa yake ikavunjika. Jambo dogo kama kuchagua mahali pa kwenda kula lilimchukua saa nyingi.

Miaka michache baadaye, mwaka 1994, wataalamu hao hao, akiwemo Antonio Damasio, walieleza mchezo wa karata waliowapa wagonjwa wa namna hiyo. Palikuwa na mafungu manne. Mawili yalileta faida kubwa ya haraka, lakini hasara yake ilikuwa kubwa zaidi. Mengine mawili yalileta faida ndogo, na hasara yake ilikuwa ndogo pia, hata mwishoni mchezaji akabaki na faida. Watu wenye afya, baada ya kuumia mara chache, walihamia mafungu yenye faida ndogo. Wagonjwa waliendelea kuyarudia yale mabaya. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 1997 ilionekana kwamba baadhi yao waliweza hata kutaja ni mafungu gani mabaya, na bado wakayachagua.

Ndugu msomaji, tafakari jambo hilo. Ni mara ngapi tumesema, "Anajua kabisa kwamba ni vibaya, anafanya makusudi"? Kumbe kujua kunaweza kubaki salama huku uwezo wa kuufuata ujuzi huo umejeruhiwa. Mtu wa namna hii ukimpa mawaidha kutwa nzima atakubali kila neno, naye atakubali kwa moyo wote. Kesho atakapokutana na mnunuzi mwenye noti mkononi, mawaidha yale hayatamzuia. Kinachoweza kumzuia ni utaratibu uliowekwa mapema na watu wanaompenda.

KESHO HUJENGWA KWA VIPANDE VYA JANA

Jambo la tatu halifahamiki sana, nalo ndilo linalowaumiza wengi. Mwaka 1981 kijana mmoja wa Kanada, Kent Cochrane, alipata ajali ya pikipiki akiwa na umri wa miaka 30. Alipona, akarudi nyumbani kwa wazazi wake karibu na Toronto. Alijua kusoma, alijua hesabu, alicheza mchezo wa sataranji. Lakini hakuweza kukumbuka tukio hata moja la maisha yake kama mtu aliyekuwapo, hata msiba wa ndugu yake mwenyewe. Mtaalamu Endel Tulving alipomwuliza atafanya nini kesho, hakuwa na la kujibu. Alieleza kwamba akiifikiria kesho anaona utupu ule ule anaouona akiifikiria jana.

Kwa nini iwe hivyo? Mfikirie mama anayepanga arusi ya binti yake. Anakisia kilo za mchele kwa sababu anakumbuka arusi ya mwaka juzi ambapo chakula kilipungua. Anakodi maturubai kwa sababu anakumbuka mvua ya Aprili. Anamweka shangazi fulani mbali na jiko kwa sababu anakumbuka ugomvi. Arusi ya kesho anaijenga kwa vipande vya arusi za jana. Mtu asiye na vipande hivyo atajenga kwa kitu gani?

Mwaka 2007 wataalamu wa London, Uingereza, walilithibitisha jambo hilo kwa wagonjwa watano walioumia hipokampasi. Waliombwa wawaze mambo mapya, kwa mfano wamelala kwenye mchanga mweupe ufukoni mwa bahari. Wanne kati yao walishindwa kupata picha iliyokamilika. Walitaja kitu hiki na kile, lakini havikuungana kuwa mahali pamoja.

Basi, baba yule anayekutazama kimya ukimwuliza habari ya kilimo huenda si mvivu wala hajakata tamaa. Huenda anachungulia kesho na haoni kitu.

Lakini sikilizeni na upande wa pili, maana ndio unaonifanya niseme kwamba mgonjwa si mtoto. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012, huyu huyu Kent Cochrane aliulizwa maswali ya fedha: angependa kiasi kidogo sasa au kikubwa zaidi baadaye? Alichagua kwa mpango mzuri kama watu wengine wenye afya. Hakuweza kujiona akiwa katika siku zijazo, na hata hivyo aliweza kupima kiasi na muda vilipowekwa mbele yake. Kwa hiyo asiyeweza kuibuni kesho anaweza bado kuwa na uwezo wa kuichagua akionyeshwa.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

1. Muwe na daftari. Ahadi, madeni, dawa na siku za kliniki viandikwe na mgonjwa mwenyewe kama anaweza, na daftari likae mahali pamoja siku zote. Kalenda kubwa ukutani na kengele ya simu ya mkononi ni msaada mkubwa. Badala ya kubishana, "nilikuambia, hukuniambia," semeni, "tuangalie daftari."

2. Siku ziwe na utaratibu. Kuamka, kuchota maji, kulisha mifugo, kula na kulala vifuate mpangilio ule ule. Jembe na panga virudi mahali pake. Mkumbukeni Henry na nyota yake.

3. Ulizeni maswali yenye machaguo. Usiulize, "Una mpango gani?" Uliza, "Shamba la bondeni tupande mahindi au alizeti?" Mpe muda ajibu, na jibu lake liheshimiwe. Yeye bado ni baba, ni mama, ni mwenye nyumba.

4. Mali iwekewe ulinzi mapema. Ikubaliwe, mgonjwa akiwapo, kwamba kitu chochote kikubwa, iwe ng'ombe, kiwanja au mkopo, hakiuzwi wala hakisainiwi siku hiyo hiyo, wala bila mwenzi wake na mtu mmoja mwingine anayeaminika. Fedha ndogo za matumizi abaki nazo mkononi. Hapa Tanzania Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Akina mama waijue sheria hiyo na wasiogope kuitaja.

Nasema wazi: wako ndugu wanaojifanya kumlinda mgonjwa huku wakitafuta njia ya kumpokonya mke na watoto shamba lao. Ulinzi wa mali ufanyike hadharani, kwa maandishi, na mke au mume akiwapo. Palipo na mgogoro, tafuteni ushauri wa mahakama au wa kamati ya haki na amani pale ilipo, kabla mali haijaondoka.

5. Anayeuguza naye apumzike. Mara nyingi ni mke, na mara nyingi anaomboleza mume ambaye bado yuko hai. Jumuiya ndogo ndogo zetu hufika kwa wingi mtu anapokuwa wodini, kisha huadimika. Yafaa zigawane zamu: mmoja akae na mgonjwa Jumamosi mchana ili mama aende sokoni au alale.

JE, NDIYO KUSEMA HANA WAJIBU WOWOTE?

Wengine watauliza, "Akimpiga mke wake, tuseme tu ni ubongo?" La hasha. Kueleza chanzo cha tendo si kulihalalisha. Usalama wa mke na watoto hutangulia, na pakiwa na hatari waondolewe kwanza mahali hapo, ndipo mengine yafuate. Mgonjwa aambiwe kosa lake palepale, kwa maneno machache, maana hotuba ya kesho yake haitakuwa na maana kwake. Tena hasira za namna hiyo zielezwe kwa daktari, kwa sababu baadhi yake zinatibika. Ninachokataa ni ile tabia ya kumwita mtu mwovu kabla hatujauliza kama ameumia.

DALILI ZISIZONGOJA

Si kila mabadiliko baada ya kuumia kichwa ni ya kuvumilia nyumbani. Hasa kwa wazee, damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu kwa wiki kadhaa baada ya kuanguka, hata kuanguka kudogo. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, degedege, udhaifu wa mkono au mguu mmoja, au kuchanganyikiwa kunakoongezeka, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Damu ya namna hiyo mara nyingi huweza kuondolewa kwa upasuaji, na mgonjwa akarudiwa na fahamu zake. Kumpeleka kwanza kwa mganga wa ramli ni kupoteza saa zilizo na thamani.

Pia tusidhani ni ajali peke yake. Kiharusi, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na ulevi wa miaka mingi unaoambatana na ukosefu wa vitamini B1, vyote huweza kuharibu kumbukumbu. Malaria kali ya ubongo nayo ni adui mkubwa wa watoto wetu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2008 nchini Uganda ulionyesha kwamba, miaka miwili baada ya kuugua, karibu mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika uwezo wa akili. Mwalimu anapompiga mtoto kwa sababu "anasahau kila kitu," mzazi amwambie kama mtoto huyo aliwahi kulazwa kwa degedege la malaria.

KINGA

Ubongo uliokufa sehemu hauoti tena kama ukucha. Wengi hupata nafuu, hasa katika miezi ya mwanzo, na nafuu huweza kuendelea polepole kwa miaka. Lakini kinga ni bora. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja mwaka 2008 zilionyesha kwamba kofia ngumu humpunguzia mpanda pikipiki hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69, na hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42. Kofia hiyo ni ile iliyofungwa kidevuni, si ile iliyotundikwa kwenye usukani. Abiria naye ana kichwa. Ni jambo la kusikitisha kuona Jumapili asubuhi baba, mama na watoto wawili juu ya pikipiki moja, wamevaa vizuri sana, na hakuna hata mmoja mwenye kofia.

Wapendwa wasomaji, katika kila parokia yetu wapo watu wa namna hii. Baadhi yao wanaitwa walevi na hawajaonja pombe, wengine wanaitwa wavivu, wengine wameachwa na wake au waume zao. Mwezi huu kila jumuiya ijiulize: nani kwetu aliwahi kuumia kichwa, au kupata kiharusi, na tangu hapo tumekuwa tukimlaumu? Nendeni mkamtembelee. Mwulizeni mwenzi wake nini hasa kimebadilika, na mwulizeni mgonjwa mwenyewe nini bado anakiweza. Chukueni na daftari moja jipya na kalamu, mwachieni.